Kuhusu Warundi wa Katumba na wa Nduta

Mkuu, umeuliza kwa nini Warundi wa Katumba, makazi ya wakimbizi mkoani Katavi, walipewa uraia wa Tanzania huku wenzao wa Nduta, kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, wakihimizwa kurudi kwao. Hao ni watu wa nyakati mbili tofauti.

Wa Katumba walikimbia mauaji ya 1972 nchini Burundi. Serikali ya Nyerere haikuwaweka kambini kungojea mgao, iliwapa mashamba Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo, wakati huo pori tupu. Wakafyeka, wakalima, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wanajilisha wenyewe. Mwaka 2007 wakaulizwa: kurudi au uraia? Wengi mno walichagua kubaki, na watu wapatao 162,000 wakakubaliwa. Ila vyeti vilianza kutolewa 2014! Fikiria kuishi miaka yote hiyo hujui uko upande gani. Mzee mmoja kule aliwahi kunionyesha chake. Alinawa mikono kwanza, akakitoa chini ya godoro, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, juu yake kitenge.

Wa Nduta wengi walikuja kuanzia 2015, baada ya machafuko ya muhula wa tatu wa Nkurunziza, rais wa Burundi. Walikuta Sheria ya Wakimbizi ya 1998, iliyowabana kambini. Kutoka nje ilikuwa mpaka kibali. Shamba hawakuwa nalo, soko hawakwenda. Halafu tukawaita mzigo. Hapo mkuu siafiki kabisa, maana wa Katumba walipopewa jembe tuliona walichofanya.