Maswali na Majibu: Flashi, Wadudu na Usuli Mweusi

SWALI: Ninaishi Mukono na hupiga picha za wadudu katika msitu wa Mabira kwa lenzi ya makro ya milimita 100, nikiwa na flashi ya kawaida iliyokaa juu ya kamera. Nikiwasha flashi, usuli hutoka mweusi kama wa usiku ingawa ni saa nne asubuhi, na mbawakawa huonekana wana doa jeupe mgongoni. Nikiizima, picha zote hutoka na ukungu wa mtikisiko. Je, ninunue flashi ya mviringo, ile inayouzunguka mdomo wa lenzi?

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue bado. Flashi uliyo nayo inatosha kabisa kwa kazi hii. Kinachohitaji kurekebishwa ni kiasi cha mwanga wa mchana unachouruhusu uingie katika picha, pamoja na ukubwa wa uso unaomtupia mdudu mwanga.

Usuli huwa mweusi kwa sababu nguvu ya mwanga wa flashi hupungua kwa mraba wa umbali. Ikiwa flashi iko sentimita 15 kutoka kwa mdudu na majani ya nyuma yako umbali wa mita moja na nusu, majani hayo yako mbali mara kumi zaidi, na kwa hiyo hupata sehemu moja tu kati ya mia ya mwanga anaoupata mdudu. Mwanga wa kuyaonyesha majani hayo hauna budi kutoka angani, lakini mpangilio ambao wengi huuzoea wanapotumia flashi, yaani upenyo wa f/11 (tundu la lenzi la kupitishia mwanga, ambalo hupungua namba ya f inapokua), shata ikiwa wazi kwa sekunde 1/200, na ISO 100 (kiwango cha kamera kuhisi mwanga), huufungia nje karibu wote. Zaidi ya hapo, unapopiga kwa ukubwa halisi, ambapo mdudu wa milimita 10 huchukua milimita 10 juu ya kihisio cha kamera, upenyo ulioandikwa f/11 hufanya kazi kama f/22, na mwanga unaobaki ni robo ya ule uliotarajia.

Ni vizuri kuihesabu kila picha ya namna hii kuwa picha mbili zinazopigwa kwa wakati mmoja. Upenyo na ISO huzigusa zote mbili. Nguvu ya flashi humgusa mdudu na vilivyo karibu naye. Muda wa shata, mradi si mfupi kuliko ule unaokubaliwa na flashi, ambao kwa kamera nyingi ni 1/200 au 1/250, hugusa mwanga wa mchana peke yake. Kwa hiyo zima flashi kwanza, elekeza kamera mahali mdudu alipo, kisha ongeza ISO na urefushe muda wa shata mpaka usuli uonekane, ukiwa na giza la stopu moja au mbili chini ya kawaida (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu). Ndipo uwashe flashi na kupanga nguvu yake kwa mkono ili imwangaze mdudu vya kutosha. Katika kivuli chenye uwazi, kwa mfano kando ya njia au ukingoni mwa msitu, f/11, 1/60 na ISO 800 ni mahali pazuri pa kuanzia. Ndani kabisa, chini ya miti mikubwa, mpangilio huo hautafua dafu, maana mwanga wa huko unaweza kuwa pungufu kwa stopu tatu au nne zaidi. Huko napendelea kumtafuta mdudu ambaye nyuma yake, sentimita tano hivi, pana jani au gome, ili flashi yenyewe iuangaze usuli.

Pengine unahofia kwamba 1/60 italeta mtikisiko uleule. Haitauleta kwa kiasi kile, kwa kuwa kinachomgandisha mdudu hapa ni mweko wenyewe. Flashi ndogo ikipangwa katika sehemu moja ya kumi na sita ya nguvu zake, mweko wake kwa kawaida hudumu takriban 1/10,000 ya sekunde. Tatizo huanza pale mwanga wa mchana unapomwangaza mdudu kwa nguvu inayokaribia ya flashi. Hapo mabawa na vipapasio hutoka na kingo mbili. Ndiyo sababu nikataja stopu moja au mbili chini.

Doa jeupe lina chanzo kingine kabisa. Gamba la mbawakawa huakisi kama kioo, na unachokiona mgongoni mwake ni taswira ya uso wa flashi yako. Kupunguza nguvu hakutaliondoa doa hilo, kutalififisha tu. Kinachohitajika ni uso mkubwa wa mwanga ulio karibu sana na mdudu. Kata kipande cha plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, kama ile ya jerikani ndogo nyeupe, kikunje kiwe upinde mpana kuliko lenzi, kisha ukitokeze mbele ili mwanga ushuke juu ya mdudu kutoka umbali wa sentimita kumi hivi. Acha nafasi kati ya flashi na plastiki, kwa sababu plastiki iliyogandamana na taa hubaki na ukubwa wa taa ileile. Ukiongeza karatasi nyeupe nyembamba kama tabaka la pili, mwanga utasambaa kwa usawa zaidi na hutaona kiini chenye ukali katikati. Kadi nyeupe chini ya mdudu itafungua kivuli cha tumbo lake. Kazi hii ya mikono ndiyo itakayobadilisha picha zako kuliko kifaa chochote cha dukani, nami naomba uipe jioni nzima ya majaribio nyumbani kabla ya kurudi Mabira. Kwa vile plastiki huweza kuleta rangi yake, piga kadi ya kijivu mara moja ili urekebishe rangi baadaye.

Usijilazimishe kwenda ukubwa halisi kila mara. Kwa kihisio cha ukubwa kamili (milimita 36 kwa 24) na f/11, kina cha fokasi, yaani unene wa sehemu inayoonekana kwa ukali, katika ukubwa halisi ni zaidi kidogo ya milimita moja. Ukirudi nyuma hadi nusu ya ukubwa huo, kinakaribia milimita nne, na mwanga nao huongezeka. Vunjajungu au nsenene hawahitaji zaidi ya hapo.

Ukipiga kwenye jua kali, mambo hugeuka: rudi ISO 100 na 1/200, na mtilie mdudu kivuli kwa mwavuli mwepesi, ili flashi iendelee kuwa mwanga mkuu. Sipendekezi hali ya shata ya kasi ya juu, inayoruhusu flashi itumike kwa muda mfupi kuliko 1/200 au 1/250, kwa kuwa hapo flashi hutoa mipigo mingi dhaifu mfululizo na kuupoteza ule mweko mfupi unaogandisha mwendo.

Kuhusu flashi ya mviringo, asili yake ni picha za meno, ambako daktari anataka mdomo wote uangazwe bila kivuli. Kwa mdudu, mwanga huo hubapisha umbo na kuacha duara jeupe kwenye kila jicho na kila gamba linalong'aa. Ukiwa na fedha za kutumia, nunua waya wa kuitenganisha flashi na kamera, mkono mdogo wa chuma wa kuishikilia juu ya ncha ya lenzi, na seti mbili za betri za kuchaji.