Saa ya kazi: maswali yenu kutoka saiti, gereji na ufukweni

Shikamoo fundi. Mimi ni fundi ujenzi, Kibaha. Kila nikinunua saa, ile kubwa ya chuma yenye vimiduara vitatu ndani, haimalizi mwaka. Ninunue ipi idumu?

Marahaba. Anza kwa kuachana na uzito. Saa nzito ikigonga nondo, pigo lake ni kubwa kuliko la saa nyepesi, na pigo hilo linaishia kwenye mashine ndani. Vile vimiduara navyo, kwenye saa nyingi za bei ya chini, vimechorwa tu na havifanyi kazi yoyote. Unalipia pambo.

Mhandisi wa Casio aitwaye Kikuo Ibe alianza kushughulika na jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya saa aliyopewa na baba yake kuanguka na kuvunjika. Alitengeneza sampuli zaidi ya 200, akawa anazidondosha kutoka dirishani ghorofani. Jibu alilipata alipomwona mtoto akidundisha mpira: kitu kikiwa kinaelea katikati ya mpira, pigo la nje halikifikii. Mwaka 1983 ikatoka saa ya kwanza ya aina ya G-Shock, DW-5000C. Mashine yake imeshikiliwa mahali pachache tu, nafasi inayobaki inameza mshtuko, na ukingo wa nje umeinuka juu ya kioo ili saa ikianguka kifudifudi kioo kisiguse sakafu. Mtoto wake wa leo ni DW-5600, ya plastiki, na imeandikwa mita 200, yaani kipimo cha kuzuia maji. Ukiweza kudunduliza, hiyo ndiyo ya saiti.

Kama mfuko hauruhusu, chukua Casio F-91W. Ipo tangu 1989, ina uzito wa gramu 21 hivi, na betri yake imekadiriwa kudumu karibu miaka 7. Haikuundwa kwa mshtuko kama G-Shock, lakini kwa wepesi huo hata ikigonga haina nguvu ya kujiumiza sana. Udhaifu wake ni maji: inavumilia jasho na mvua, haivumilii kuzamishwa kwenye ndoo.

Nina jambo moja zaidi kwako, na nakuomba ulizingatie kuliko hata jina la saa. Saruji mbichi ni kali. Zege likiingia chini ya mkanda na kukaa hapo saa nzima huku unatoka jasho, linakula ngozi taratibu, na maumivu huja wakati ngozi imeshaungua. Siku ya kumwaga zege, saa ikae mfukoni au begani kwenye mkoba. Ukimaliza, osha mkono na mkanda pande zote mbili.

Habari, mwalimu. Mimi nachokoa pweza huku Jambiani. Saa yangu imeandikwa 30M, lakini maji yameingia nami sijazama hata kufika kifuani. Nimeibiwa?

Pole sana. Si lazima uwe umeibiwa. Maandishi yale yanawachanganya wengi. Ile 30M ni kipimo cha shinikizo: saa ikiwa mpya imewekwa kwenye mashine, ikasukumwa kwa shinikizo linalolingana na la maji yaliyotulia kwenye kina hicho. Haina maana kwamba unaweza kuzama nayo mita 30. Kwa matumizi ya kila siku isome hivi: 30M ni kunawa mikono na mvua. 50M unaweza kuogelea kawaida. 100M ndiyo ya mtu anayeshinda baharini na kuchupa kidogo. 200M inakupa nafasi ya ziada. Anayezama na mtungi wa hewa atafute iliyoandikwa Diver's, kwa sababu hizo zina kiwango chao cha kimataifa, ISO 6425. Ukikuta BAR badala ya mita, zidisha kwa 10: 10 BAR ni sawa na 100M.

Kinachozuia maji ni ringi ndogo za mpira, moja kwenye mfuniko wa nyuma na nyingine kwenye vitufe au kwenye kitasa cha kurekebishia mishale. Mpira huzeeka. Jua, chumvi na sabuni huukausha hadi unapasuka, na tangu hapo maandishi ya 30M au hata 100M yanabaki maandishi tu. Kuna tabia mbili zinazoua saa haraka huko pwani. Ya kwanza ni kubonyeza vitufe saa ikiwa majini, maana kila kitufe ni tundu ambalo unalifungulia maji. Ya pili ni kutoka baharini na kuiacha ikauke na chumvi yake. Chumvi ikiganda kwenye vitufe inageuka msasa. Kila ukibonyeza inasugua ringi.

Kwa hiyo wewe nunua 100M au zaidi, ya plastiki, mkanda wa mpira au wa nailoni. Ukirudi, itie kwenye maji baridi ya bomba au kisima, ichezeshe kidogo, kisha uikaushe kivulini. Na kioo kikianza kuwa na ukungu kwa ndani, usisubiri kesho. Hayo ni maji, na kutu huanza siku hiyo hiyo. Ipeleke ikafunguliwe na kukaushwa.

Fundi, nina gereji Nakuru. Marehemu babangu aliniachia Seiko 5, ile isiyotumia betri. Naweza kuivaa kazini?

Usiivae gereji. Saa ile inaendeshwa na gurudumu dogo linalobembea kwenye springi nyembamba kama unywele, likishikwa na ekseli laini mno. Nyundo, na zaidi ya nyundo ule mtikisiko wa grainda na drili ya kugonga, unalegeza skrubu na kuharibu mwendo wake. Sumaku nayo ina madhara: ukiweka mkono karibu na spika kubwa au nyaya za mashine ya kuchomelea, springi inaweza kushika sumaku, na saa ikaanza kukimbia dakika nyingi kwa siku. Hilo fundi analiondoa kwa kifaa cha kutoa sumaku, halihitaji kufungua saa. Ekseli iliyovunjika ni habari nyingine. Babako aliitunza ikakufikia. Ivae kanisani, harusini, ukienda mjini, na kazini uwe na ya namba. Saa ya namba haina mshale wala gurudumu la kutikisika.

Na popote penye kitu kinachozunguka, yaani fenibelti, mashine ya kukereza vyuma, drili ya mezani, vua saa yoyote ile. Mkanda ukinaswa, mkono unafuata. Wapenzi wa saa ngumu husifu mkanda usiokatika. Mbele ya mashine inayozunguka, mkanda usiokatika ndio hatari yenyewe.

Mkanda wa chuma kwa fundi umeme?

Hapana kabisa, na pete pia vua. Hata kwenye betri ya gari ya volti 12: chuma kikiunganisha nguzo chanya na bodi, kinapiga shoti na kupata moto mkali sana papo hapo, kikiwa kimekuzunguka mkono. Vaa mpira au nailoni, na ukifungua boksi lenye umeme, vua saa.

Kioo cha saa yangu kimejaa mikwaruzo ndani ya miezi michache. Niliambiwa ni kioo kigumu. Kwa nini?

Kwa sababu ya mchanga. Chembe nyingi za mchanga ni madini ya kwatzi, yenye ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, na kioo cha kawaida cha saa kiko chini ya hapo. Ukifuta vumbi kwa kidole umekwaruza. Kioo cha yakuti kina ugumu wa 9 na mchanga haukiwezi, lakini ni ghali, na kikipigwa kwa nguvu hupasuka. Kwa kazi za mikono mimi napenda plastiki. Inakwaruzika upesi, hilo kweli, lakini haipasuki ovyo, na ukiisugua na dawa ya meno kwa kitambaa laini mikwaruzo midogo inatoka. Vumbi lisukume kwa maji kwanza, ndipo ufute.

Nitajuaje kama si feki?

Kwenye F-91W, shikilia kitufe cha kulia kwa sekunde tatu. Orijino inaandika CASIo. Usiishie hapo, kwa sababu kuna feki zilizoiga hata hilo. Angalia uandishi ulivyo safi, taa, na jinsi vitufe vinavyorudi. Kwa G-Shock, mgongoni kuna namba ya mashine ndani ya kijiboksi. Iingize kwenye tovuti ya Casio usome kitabu cha maelekezo cha namba hiyo. Kama saa mkononi haifanyi yanayosemwa humo, mrudishie mwenye nayo.

Betri yangu ilibadilishwa, na wiki iliyofuata mvua ikaiua. Bahati mbaya?

Inawezekana sana ringi ya mfuniko ilikunjwa, au ilirudishwa ikiwa na vumbi. Kazi hii ifanyike ukiwa umesimama hapo. Mwombe fundi aitoe ringi, aifute na aikague. Ikiwa imekauka au imebapa, aweke mpya. Halafu aipake grisi ya silikoni kidogo kabla hajafunga. Kama hana grisi hiyo, weka betri kwake lakini iweke saa mbali na maji mpaka umpate aliye nayo.