Jeli ya mwani: inua sahani kwanza, namba baadaye

Mara ya kwanza kupeleka jeli yetu ya mwani kwenye reomita huko Dar, mashine inayobana jeli kati ya sahani mbili na kuitikisa ili kupima ugumu wake, nilirudi Bagamoyo nimeshamsingizia asiyehusika. Tulipika mwani mnene (aina iitwayo cottonii) wa kijiji cha Mlingotini, tukatia kloridi ya potasiamu, jeli ikakaza vizuri. Mashine ikasema vingine. G′, ile nguvu ya jeli kurudi ilivyokuwa baada ya kusukumwa, ilishuka kila tuliporudia kipimo. Nikaamua potasiamu haitoshi, nikaongeza. Ikawa mbaya zaidi.

Siku ya pili fundi wa maabara akainua sahani ya juu. Jeli ilikuwa chini, nzima, na juu yake utando wa maji. Jeli ya mwani mnene hutoa jasho, na potasiamu ikizidi hulitoa zaidi. Siku nzima tulikuwa tumepima utelezi!

Kwa hiyo ukishapima, inua sahani utazame. Rudia kipimo kwa nafasi tofauti kati ya sahani. G′ ikibadilika, shuku kuteleza. Tumia sahani yenye mikwaruzo, au bandika msasa. Bora zaidi, mimina jeli ikiwa moto, igandie humo humo kwenye mashine. Ikipoa husinyaa, basi iamuru sahani ya juu iifuate. Pakaza mafuta mepesi pembeni isikauke.

Halafu anza na kipimo cha kuisukuma kwa msogeo unaoongezwa kidogo kidogo hadi ivunjike. Usikiruke. Jeli ya mwani mnene hainyumbuki, inakatika upesi, ndiyo maana mimi vipimo vingine vyote navifanya kwenye msogeo wa asilimia 0.1 ya unene wa jeli. Ya mwani mwembamba (spinosum) ni laini na huvumilia zaidi. Wengi husubiri mistari ya G′ na G″ (ile nguvu inayopotea jeli ikitiririka badala ya kurudi) ikutane ndipo waseme jeli imevunjika. Wamechelewa. Tazama pale G″ inapoinua kichwa kidogo huku G′ ikianza kulegea: nyufa zimeshaanza.

Ukibadilisha kasi ya mtikisiko, jeli ya kweli huonyesha G′ iliyolala karibu bapa, mara kumi hivi ya G″ au zaidi. Kama G′ inapanda na kasi na G″ iko jirani yake, huo ni uji mzito, hata kijiko kikisimama. Na namba ndogo si aibu. Jeli ya mafuta ya kupaka inatakiwa isambae, haitakiwi kukatwa kwa kisu.

Siku hizi kabla ya kufunga sampuli, namwomba bibi mmoja wa kikundi chetu azibonyeze kwa kidole gumba. Akisema, "Hii ya leo ngumu kuliko ya juzi, mwanangu," na mashine ikaja na kinyume chake, sibishani naye. Naenda kuinua sahani.