Kabureta ya pikipiki: kabla hujashika bisibisi

Pikipiki ikimisi, ikila mafuta au ikizimika ukiachia resi, cha kwanza kulaumiwa ni kabureta. Mara nyingi inasingiziwa. Plagi iliyochoka, tapeti zilizobana, eya klina iliyoziba kwa vumbi, vyote huleta dalili hizohizo. Wewe unayeanza, maliza huko kwanza. Ule mpira unaounganisha kabureta na injini uukunje kidogo kwa vidole unapoukagua, maana ufa wake hujificha ukiwa umetulia. Hewa inayoingilia hapo haikupita kwenye kabureta, na hakuna skrubu utakayozungusha ikaisha.

Ukiona lazima ufungue, fungulia nje au mahali penye upepo, mbali na jiko na sigara, injini ikiwa imepoa. Funga koki ya tangi, kisha mwaga mafuta ya bakuli la kabureta kwenye chombo kwa kulegeza skrubu yake ya chini. Yaangalie mafuta hayo: ukikuta maji au uchafu, huenda ugonjwa umeshaupata.

Sasa ile skrubu ya mchanganyiko, inayopima hewa au mafuta injini ikiunguruma bila resi. Kabla ya kuitoa, ikaze polepole mpaka iguse tu, ukihesabu mizunguko, na uandike. Usiikaze kwa nguvu. Ncha yake ni nyembamba, ikijikita inaharibu kiti chake, na hapo unatafuta kabureta nyingine. Nyingi zina springi, washa (kile kijiduara cha chuma) na kimpira kidogo sana nyuma yake. Kimpira kile hupenda kubaki ndani ukadhani hakikuwepo.

Jeti, yaani vile vipande vyenye tundu dogo linalopima mafuta, ni za shaba laini, kwa hiyo usizichokoe kwa waya wa chuma. Tumia dawa ya kusafishia kabureta na upepo, ukiwa umevaa miwani, kwa sababu dawa huingilia tundu moja na kutokea jingine usoni. Vitu vya mpira vitoe kwanza, dawa huvivimbisha. Halafu inua jeti ndogo kwenye mwanga: uone duara safi. Mwanga ukipita nusunusu, bado haijasafika.

Kwenye kuseti, wanafunzi wengi huzungusha skrubu moja kutafuta dawa ya kila ugonjwa. Kabureta ina sehemu kadhaa, na kila moja inatawala kiasi chake cha resi. Jeti ndogo na skrubu ya mchanganyiko zinashika injini ikiunguruma bila resi hadi kama robo. Sindano, inayoning'inia kwenye slaidi (kipande kinachopanda ukivuta resi), inashika kuanzia hapo hadi robo tatu. Jeti kubwa inatawala kuanzia robo tatu hadi mwisho. Mipaka yake huingiliana kidogo. Bandika utepe kwenye mkono wa resi, chora alama za robo, nusu na robo tatu, kisha endesha mahali pasipo na magari. Tatizo likitokea, utajua liko alama gani, na alama hiyo ndiyo inayokuambia ufungue wapi.

Kujua kama mafuta yamezidi au yamepungua, vuta choki, inayozidisha mafuta, kidogo tatizo linapotokea. Pikipiki ikipata nafuu, ilikuwa na njaa ya mafuta. Ikizidi kuumwa, yalikuwa mengi. Njaa ndiyo ya kuogopa zaidi. Mafuta mengi yatachafua plagi na kumaliza tangi, lakini mafuta machache kwa mwendo mkali huchemsha injini hadi kutoboa pistoni.

Skrubu ya mchanganyiko huwekwa injini ikiwa ya moto. Anzia mzunguko mmoja na nusu kutoka pale ilipogusa, ongeza au punguza robo robo mpaka injini izunguke kasi zaidi na kwa utulivu, ndipo ushushe mwendo wa bila resi kwa skrubu ya slaidi. Jihadhari: skrubu ikiwa upande wa eya klina, hupima hewa, kuifungua ni kupunguza mafuta. Ikiwa upande wa injini, hupima mafuta, na kuifungua ni kuyaongeza. Ya mafuta ikidai zaidi ya mizunguko mitatu, jeti ndogo imeziba au ni ndogo mno.

Sindano ina klipu kwenye vijitaro. Klipu ikishuka, sindano inapanda na mafuta yanaongezeka. Sogeza kijitaro kimoja, endesha, ndipo uamue.

Kuhusu kuweka kabureta kubwa zaidi, mimi sina haraka nayo. Koo pana (njia ya hewa ndani ya kabureta) hupunguza kasi ya hewa kwenye resi ndogo, hivyo mafuta hayavutwi vizuri, na pikipiki inakuwa nzito kuondoka. Kwa injini ya cc 125 au 150 ambayo haijaguswa ndani, faida ni ndogo kuliko usumbufu. Ukibadilisha eya klina au ekzosti, hewa ikaongezeka, hapo ndipo jeti hubadilishwa. Anza na jeti kubwa, kwa kuwa sindano nayo hulishwa kupitia humo, kisha sindano, mwisho jeti ndogo. Anza na jeti inayozidisha mafuta, ushuke hatua kwa hatua. Namba za jeti za Keihin na za Mikuni, watengenezaji wa kabureta, hazipimwi kwa njia moja, kwa hiyo usinunue kwa namba tupu. Nenda na jeti ya zamani mkononi.