Wasomaji Wanauliza: Mbio za Vyombo Vinavyoelea

Safari hii barua kutoka Nyanda za Juu Kusini zimegusa gemu za mbio za kasi za siku zijazo, yaani Wipeout, F-Zero na jamii yake, ambamo vyombo havina matairi na vinaelea juu ya barabara. Tumechagua maswali ambayo majibu yake yatawafaa wachezaji wengi.

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Nina kibanda cha gemu hapa Mwanjelwa, PS4 mbili. Vijana wanacheza mpira kutwa nzima. Nimeweka Wipeout Omega Collection kubadilisha ladha, lakini mtu anacheza raundi moja, anagonga kuta mwanzo mwisho, anarudisha pedi na kuondoka. Tatizo ni gemu au wateja?
Mwenye kibanda, Mbeya

JIBU: Nzuri, ndugu yetu. Tatizo ni mahali unapowaanzishia. Gemu hiyo ina madaraja manne ya kasi, kuanzia la chini: Venom, Flash, Rapier na Phantom. Mgeni akitupwa Rapier, kona inamfika kabla hajajua iko upande gani. Mwanzishie Venom, kwenye barabara nyepesi kama Vineta K, na uwashe Pilot Assist, msaada unaokisukuma chombo mbali na ukuta. Mpe kwanza Time Trial, awe peke yake barabarani bila maadui wala silaha. Mizunguko mitatu inatosha kumwonyesha kona zote. Akishaizoea njia, mpandishe Flash na uzime msaada huo, kwa sababu ukiachwa muda mrefu humzuia kukata kona kwa karibu.

Baada ya hapo gawanya skrini, wacheze wawili, anayeshindwa aachie pedi. Tunakushauri pia utoze kwa raundi badala ya dakika, na uandike muda bora wa siku kwenye ubao ukutani. Gemu hizi utamu wake uko kwenye kurudia. Mtu hujifunza barabara ileile mpaka kona iliyomtesa jana leo anaipita bila kugusa breki, na akiona jina la mwenzake ubaoni na pengo la nusu sekunde, atalipia raundi nyingine.

SWALI: Shikamooni. Simu yangu ina gemu moja ya mbio inayoonyesha kilomita 600 kwa saa, lakini naona kama natembea. Nyingine inaonyesha 300 tu na viganja vinatoka jasho. Inakuwaje?
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Marahaba. Namba ya pembeni mwa skrini haidanganyi jicho. Jicho linapima kasi kwa jinsi vitu vya karibu vinavyopita. Ukipanda basi kutoka Mbeya mjini kuja kwenu, Mlima Rungwe unauona umetulia palepale, huku migomba ya kando ya lami ikipita huwezi hata kuihesabu. Gemu inayopitisha barabara kwenye uwanja mtupu, na majengo yote kuyaweka mbali, imejinyima migomba hiyo. Nguzo, matao, mistari ya lami na taa za kwenye kuta ndizo zinazokupa kasi.

Halafu kuna kimo cha kamera, na hapa ndipo lilipo jibu la simu yako. Kadiri kamera inavyokaa chini, ndivyo ardhi inavyokimbia zaidi machoni. Kilomita 600 kwa saa kamera ikiwa mita 6 juu ya barabara, ardhi iliyo chini yake hupita kwa kiwango kilekile cha kilomita 200 kamera ikiwa mita 2. Kwa hiyo gemu yako ya 300, kama kamera yake iko chini, inaipita ile ya 600 kwa mbali. Upana wa kuona nao unachangia: kamera ikifunguka kutoka nyuzi 60 hadi 90, vitu vya pembeni vinaingia kwenye skrini na kutoka kwa kasi. Ndiyo maana gemu nyingi hupanua kamera kidogo mara unapowasha msukumo wa ziada.

Mwisho ni idadi ya fremu, yaani picha zinazoonyeshwa kila sekunde, na kwetu hili ndilo kubwa kuliko yote. Kilomita 1,000 kwa saa ni kama mita 278 kwa sekunde. Gemu ikitoa fremu 60 kwa sekunde, chombo kinasogea mita 4.6 kati ya picha moja na nyingine. Ikitoa 30, kinaruka mita 9.3, na macho yanaanza kuona mikato badala ya mwendo. Watengenezaji wakubwa wa gemu hizi wamelipigania hilo kwa gharama. F-Zero X ya mwaka 1998 kwenye Nintendo 64 iliweka vyombo 30 barabarani kwa fremu 60, ikakubali mandhari iwe mikavu. Wipeout HD ya mwaka 2008 kwenye PS3 hupunguza ukali wa picha yenyewe pale mambo yanapozidi, ilimradi fremu zisishuke. Kwa hiyo ukitakiwa kuchagua kati ya picha nzuri na fremu 60, chukua fremu 60 bila kujiuliza.

Kwenye simu: shusha ubora wa picha hadi wa kati, zima vivuli, zima hali ya kutunza betri kwa kuwa mara nyingi ndiyo inayoibana prosesa, na vua kava. Simu ikipata moto hujipunguza kasi yenyewe. Ndiyo maana gemu inakuwa laini mwanzoni, kisha baada ya muda inaanza kukwama.

SWALI: Kamwene! Nipo chuo hapa Iringa, nacheza Wipeout. Kona kali zinanishinda. Nikikanyaga breki ya upande, pua inageuka vizuri lakini chombo kinaendelea kwenda ukutani kwa ubavu. Nakosea wapi?
Mwanafunzi, Iringa

JIBU: Kamwene! Unaifahamu breki lakini unaibana kwa kuchelewa na kuiachia kwa kuchelewa. Chombo kinachoelea hakina tairi la kung'ata lami, hivyo kugeuza pua hakubadilishi mwelekeo wa safari hapohapo. Breki ya upande inazungusha pua, msukumo wa injini ndio unaoupinda mwendo, na hilo linahitaji muda.

Fanya hivi. Kabla ya kona ya kulia, sogea upande wa kushoto wa barabara. Anza kugeuza stiki kidogo kabla kona haijaanza, kisha bonyeza R2, breki ya upande wa kulia, kwa muda mfupi, uiachie wakati pua bado haijaelekea kabisa kwenye njia ya kutokea. Mabaki ya mzunguko yatamalizia kazi. Msukumo usiuachie. Kama kona ni ya kurudi nyuma kabisa, bana L2 na R2 pamoja kwa nukta moja kupunguza kasi, kisha achia L2 na ubaki na R2. Ukiona bado unaburuzwa kuelekea ukuta wa nje, gonga R2 mara mbili upesi, chombo kitachupa ubavu kuelekea ndani. Macho yawe kwenye njia ya kutokea. Anayeitazama pua ya chombo chake anaona tu mahali alipokwishafika.

Ukishika hayo, jifunze kujiviringisha hewani: unaporuka kilima, kushoto-kulia-kushoto haraka kwenye stiki. Utakatwa sehemu ya nishati, lakini ukitua unapata msukumo. Usifanye hivyo kwenye mruko mfupi, utatua bila kumaliza mzunguko.

Kama unacheza Wipeout ile ya kwanza ya mwaka 1995, ujue kugusa ukuta hukusimamisha karibu kabisa. Iliyofuata, Wipeout 2097 ya mwaka 1996, ilikuruhusu kuparuza ukuta ukaendelea, lakini ikaleta uharibifu unaoweza kukilipua chombo. Tunaona hayo yalikuwa mabadiliko ya maana kuliko hata picha mpya: kosa dogo linalipwa kidogo, makosa mengi yanakumaliza.

SWALI: Kwa nini F-Zero inanikaba roho kuliko gemu nyingine yoyote ya mbio, na haina hata silaha za kurusha?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Kwa sababu uhai wako na kasi yako vinatoka kwenye chungu kimoja. Katika F-Zero ya kwanza ya mwaka 1990, kila mzunguko uliokamilisha ulikupa msukumo mmoja wa ziada. Katika F-Zero X, ukimaliza mzunguko wa kwanza unaweza kuwasha msukumo unapotaka, lakini kila ukiwasha unakula nishati ileile inayokukinga na kuta. F-Zero GX ya mwaka 2003, iliyotengenezwa na tawi la Sega liitwalo Amusement Vision, iliufuata mtindo huo huo. Basi kila sekunde unajiuliza: nichome sasa, au nibakize cha kunivusha kona ile? Hakuna anayekulazimisha. Hatari unaichagua mwenyewe, na hapo ndipo roho inapokabwa.

Kanuni ya kuanzia: choma nishati kwenye mnyoofu ulio kabla ya ukanda wa kujaza, ile sehemu ya barabara inayokurudishia nishati, si baada yake, ili unachotumia kirudi upesi. Usichome ukiingia kona isiyo na kuta, kwa maana ukianguka nje mbio zimekwisha hata kama nishati imejaa. Mzunguko wa mwisho, baada ya ukanda wa mwisho, nishati yoyote utakayofika nayo kwenye mstari ni kasi uliyoipoteza.

SWALI: Mwanangu wa miaka tisa akicheza gemu hizi kwa muda analalamika kichwa na kichefuchefu. Nimzuie?
Mama, Njombe

JIBU: Pole, mama. Mara nyingi ni macho kuona mwendo ambao mwili hauuhisi. Mketishe mbali zaidi na TV, washa taa ya chumba, na kwenye mipangilio ya gemu zima mtikisiko wa kamera na ukungu wa mwendo. Kamera ya nyuma ya chombo humfaa kuliko ile ya ndani. Apumzike kila baada ya nusu saa, na akianza kulalamika asimamishe hapohapo, kwani kuvumilia hakumzoeshi. Ila kama aliwahi kupotewa na fahamu, kukakamaa au kukodoa macho mbele ya mwanga unaowaka na kuzimika upesi, asicheze kabisa mpaka aonwe na daktari. Wipeout HD yenyewe ilicheleweshwa kutoka kwa sababu ya vipimo vya mwanga unaoweza kuamsha kifafa.

SWALI: Tumenunua TV kubwa, lakini sasa pedi kama inachelewa kuitika. Pedi ni mpya.
Vijana wa Makambako

JIBU: TV ndiyo inayochelewa. Nyingi huichakata picha kabla ya kuionyesha, na kuchelewa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, kwenye kilomita 1,000 kwa saa, ni mita 28 za barabara. Ingia kwenye mipangilio ya picha ya TV, chagua Game Mode, na zima vipengele vyote vya kulainisha mwendo. TV nyingi hukumbuka chaguo hilo kwa kila tundu la HDMI peke yake, hivyo mkihamisha waya, chagueni upya.

SWALI: Nasoma Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, natengeneza gemu ya aina hii kwa Godot, programu ya kutengenezea gemu. Chombo changu kinadundadunda, na kikifika kasi kubwa kinapenya ukuta. Pia sijui barabara iwe na upana gani.
Mwanafunzi, Mbeya

JIBU: Tuanze na ukuta. Godot hupiga hesabu za fizikia mara 60 kwa sekunde usipobadilisha. Kwa mita 278 kwa sekunde, chombo kinaruka mita 4.6 kila hatua, hivyo ukuta mwembamba kuliko hapo kinauruka bila kuugusa. Ingia Project Settings, Physics, Common, upandishe hatua hadi 240, kila hatua itakuwa kama mita 1.2. Kompyuta ikilemewa, rudi 120 na upige mwonzi, yaani mstari wa kupimia usioonekana, mbele ya chombo wenye urefu wa hatua moja, ukipata ukuta ukisimamishe chombo hapo.

Kudunda ni springi bila shokapu. Piga mionzi minne kwenda chini kutoka pembe za chombo. Mwonzi ukiwa mfupi kuliko kimo unachotaka, tuseme mita 1.5, sukuma juu kwa pengo hilo mara ugumu wa springi, kisha toa kasi ya wima mara nguvu ya shokapu. Kwa chombo cha kilo 1,000 kila pembe inabeba kilo 250. Anza na ugumu wa 90,000 na shokapu ya 9,500. Kikiendelea kudunda, ongeza shokapu. Kikizama puani mwanzo wa kilima, ongeza ugumu, na shokapu uipandishe pamoja nao.

Upana wa barabara uutoe kwenye muda, usiutoe kwenye magari ya kweli. Mtu huhitaji kama robo sekunde kuitika, na hapo tayari amekwenda mita 70. Mwonyeshe kona angalau sekunde moja na nusu kabla, yaani mita 420 hivi, na kama kilima kinaificha, weka mishale mikubwa juu yake. Kwa chombo cha upana wa mita 3, anza na barabara ya mita 25 hadi 30. Usiogope kona zisizowezekana kifizikia: kona yenye nusu kipenyo cha mita 300 kwa kasi hiyo ingembana rubani kwa mara 26 ya uzito wake, na mwili hauwezi kustahimili hilo kwa muda, lakini mchezaji hataki kujua.

Halafu mpe pedi mtu ambaye hajawahi kuiona gemu yako, unyamaze, na uweke alama kwenye ramani kila anapogonga. Rudia kwa watu watano. Alama zikitawanyika, barabara iko sawa. Zikirundikana kwenye kona moja, sogeza mishale nyuma mita 100 kabla ya kugusa chochote kwenye chombo.