Silanti ya gari hapa Mwanza: toa ya zamani kwanza, ndipo upake mpya

Gari linalolala nje hapa Mwanza lina kazi ngumu. Tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, jua la mchana linasimama karibu na utosi mwaka mzima. Vumbi la barabara za mitaani limejaa chembe za mawe yetu haya ya itale, na chembe hizo ni ngumu kuliko rangi yoyote ya gari. Makorongo wa mjini wanaolala juu ya miti nao wanalidondoshea kinyesi, hawamwogopi mtu. Halafu kuna wadudu wa ziwani: mwezi ukiandama wanatoka majini makundi kwa makundi, na ukikatiza katikati yao usiku, bampa na boneti vinajaa mizoga.

Ndiyo maana namshauri kila mwenye gari mji huu apake silanti, dawa ya kulinda rangi ya gari. Ila naumia nikiona mtu ametoa hela yake, amepaka, na baada ya wiki mbili anasema dawa ni ya uongo. Mara nyingi dawa haina kosa. Imepakwa juu ya uchafu na juu ya mabaki ya dawa nyingine, haikupata pa kushika.

Silanti ni dawa ya kiwandani ya polima inayoshika juu ya klia, yaani tabaka angavu la mwisho la rangi. Waksi ya asili hutokana na majani ya mti wa jamii ya michikichi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Ina mng'ao mzuri, lakini huisha ndani ya mwezi mmoja au miwili. Silanti nzuri iliyopakwa kwenye rangi safi hukaa miezi minne hadi sita. Haifuti mikwaruzo, wala haifufui rangi iliyochoka. Mng'ao unatoka kwenye rangi yenyewe ikiwa safi na laini, silanti inaulinda usipotee.

Mama mmoja jirani yetu hapa Nyegezi, ana Noah jeusi, alinifuata siku moja.

"Baba Neema, mbona hii dawa imenigomea? Nimepaka juzi, leo gari lina mabaka."

"Shikamoo mama. Kabla ya kupaka ulitoa ile ya mwanzo?"

"Marahaba. Kwani inatolewa?"

Nikamwomba mfuko mwembamba wa mkate. Uvae mkononi, kisha pitisha vidole taratibu juu ya boneti lililooshwa na kukauka. Mkono mtupu unaweza kukudanganya, lakini ndani ya mfuko huo utasikia kila kijiwe. Boneti lake lilikwaruza vidole kama msasa, wakati kwa macho lilionekana safi kabisa. Alipojaribu mwenyewe alishtuka.

Kutoa silanti ya zamani ndiyo nusu ya kazi, na ndiyo nusu inayorukwa. Anza na kuosha kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga usirudi kwenye rangi. Sabuni ya vyombo inaondoa grisi na waksi nyingi, lakini silanti iliyokomaa haibanduki yote kwa hiyo. Sabuni ya unga ya kufulia usiiguse, ni kali na chenga zake zisizoyeyuka zinakwaruza. Baada ya kuosha, tumia udongo maalumu wa kusafishia rangi, lile donge laini linalouzwa kwenye maduka ya vifaa vya magari. Lowesha sehemu ndogo kwa maji yenye sabuni ya gari, lipitishe bila kukandamiza, likunje upande safi uonekane, endelea. Likidondoka chini, litupe. Litakuwa limeokota mchanga, na huo mchanga utachora gari zima.

Kinachoondoa silanti kwa uhakika ni polishi nyepesi, kwa sababu inakwangua kidogo sana uso wa klia pamoja na kila kilichogandia juu yake. Hapa tumia busara. Klia ya kiwandani ina unene wa maikroni 40 hadi 50 hivi, pungufu ya unywele wa kichwani. Fundi akija na mashine na dawa kali ya kubafu kila baada ya miezi michache, ataimaliza, na klia ikiisha dawa yake ni kupaka rangi upya. Chagua polishi laini kabisa, pasi moja, basi. Malizia kwa kufuta na alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kutoa mafuta ya polishi. Kisha mwagia maji: yakitandaa bapa juu ya boneti, rangi iko wazi. Yakijikusanya matone, bado kuna kitu juu yake.

Sasa kupaka. Gari liwe kivulini na bodi liwe limepoa. Kama huwezi kuacha kiganja juu ya boneti, subiri. Mimi napenda asubuhi mapema, kabla upepo wa ziwani haujaanza kuleta vumbi. Ziba plastiki nyeusi za pembeni kwa utepe wa karatasi, maana silanti ikikaukia pale inaacha weupe unaosumbua sana kutoka.

Paka nyembamba. Hili nalisisitiza kuliko yote. Vijiko viwili vya chakula vinatosha gari dogo zima, na kinachozidi hapo utakifuta na kukitupa. Weka kidogo kwenye sponji, fanya mlango mmoja, kisha mwingine. Acha ikauke iwe na ukungu mwepesi. Kuijua kama iko tayari, pitisha kidole: ukungu ukitoka na kuacha njia safi yenye kung'aa, futa; ukiburutika na kuacha utelezi, ipe dakika chache zaidi. Futa kwa kitambaa cha maikrofaiba, si fulana kuukuu, na ukigeuze kila mara. Pakikauka mno pakagoma kufutika, usisugue kwa nguvu. Paka silanti kidogo juu ya hapo hapo, italainisha ile ya chini, kisha futa mara moja.

Baada ya hapo gari lisiguswe na maji kwa saa 12 hadi 24. Umande wa alfajiri nao ni maji, kwa hiyo liingize chini ya bati, hata kama ni kwa jirani. Tabaka la pili, kama unalitaka, lije kesho yake.

Kwa utunzaji wa kila siku: kinyesi cha korongo na wadudu waliokauka havikwanguliwi. Weka kitambaa kilicholowa maji juu yake dakika tano, kisha nyanyua bila kusugua. Fanya siku hiyo hiyo, kwa sababu tindikali ya kinyesi cha ndege na jua letu vikikutana, klia inaliwa. Na ukipeleka gari sehemu ya kuoshea, kijana akikuambia "bosi, nikumalizie na ya kung'arisha", muulize ni nini. Nimeona pengine wanapangusa kwa mchanganyiko wenye mafuta ya taa. Gari linang'aa jioni, kesho limeshika vumbi lote la barabarani.

Usioshee gari ziwani. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni, na sabuni pamoja na oili yako vinaingia kwenye maji yale yale tunayokunywa na kuvulia sato.

Kama gari limepakwa rangi upya gereji, usikimbilie silanti. Rangi mpya inaendelea kutoa viyeyushi, ipe siku 30 hadi 90 kutegemea fundi alivyoikausha. Kwa magari mengine yote, mwisho wa Agosti ni wakati mzuri: kiangazi bado kipo, unaweza kulikausha gari siku nzima bila kuhofia mawingu, na vuli ikianza Oktoba silanti itakuwa imeshakomaa.