Chura wa Kihansi na Manyunyu Yake

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimesikia kwamba vyura wadogo wa Mto Kihansi walitoweka baada ya kujengwa mitambo ya umeme. Sisi wa huku bondeni hatujauona mto huo ukikauka. Iweje chura akose maji kando ya mto unaotiririka?
Msomaji, Ifakara

JIBU: Ndugu msomaji, chura huyu hakuwa akiishi mtoni. Kihansi inapoteremka kutoka Milima ya Udzungwa kuelekea Bonde la Kilombero hujitupa magengeni kwa kishindo, na maji yanayopasukia miambani hupeperuka mithili ya mvua isiyokatika. Majani yaliyoloweshwa na manyunyu hayo yalichukua hekta chache tu, na ni hapo pekee duniani alipokutwa chura huyo mwaka 1996, wakati mradi ulikuwa umekwisha kuanza. Ana rangi ya manjano, hafikii sentimita 3, wala hatagi mayai kama vyura tuliowazoea, bali huzaa watoto waliokamilika. Kwa hiyo dimbwi halimfai kitu; anachohitaji ni hewa yenye unyevu usiku na mchana.

Mitambo hiyo yenye uwezo wa megawati 180 ilipoanza kazi mwaka 2000, sehemu kubwa ya maji ilipitishwa ndani ya mlima na kurudishwa mtoni chini ya maporomoko. Ndiyo maana ninyi mliuona mto uleule, hali korongoni manyunyu yalikuwa yamekatika.

Yalifungwa mabomba ya kunyunyizia maji, na vyura wakaanza kuongezeka, lakini mwaka 2003 walipukutika ghafla, na ugonjwa wa ngozi unaoletwa na kuvu ukagunduliwa miongoni mwao. Sioni haki, basi, kuutupia mradi wa umeme lawama zote, ingawa ni vigumu kuamini kwamba kiumbe aliyekwisha kupokonywa makao yake angeweza kuustahimili ugonjwa kama yule aliyekuwa mzima.

Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Bahati njema, takriban 500 walikuwa wamepelekwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2000, wakazaliana katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Vyura 100 wa uzao huo walirejeshwa Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 wengine wakaachiliwa korongoni kwao, ambako mvua waliyoikuta ilikuwa ikitoka katika mabomba.